Kibanja Kimeuzwa, Chapati Imeungua

Usiku Kisenyi, Kampala, muuza chapati amesimamisha kazi. Kwenye televisheni ndogo iliyopachikwa juu ya kreti za soda, taarifa ya habari ya Kiganda inamwonyesha mama analia: mumewe kauza kibanja kwa siri. Dakika chache kabla, waziri alikuwa akitaja mabilioni ya bajeti na hakuna mteja aliyeinua kichwa.

Habari za namna hii wengi huziita nyepesi na kuzibeza. Mimi sizibezi. Tangu 1994 gazeti la Kiganda la Bukedde limempa mama wa soko la Owino habari za watu wanaofanana naye, kwa lugha yake. Na lundo la taka la Kiteezi, jalala la jiji la Kampala, lilipoporomoka Agosti 10, 2024, idadi ya waliokufa ilipita 30, nami niliisoma nikaendelea na chai yangu. Walionishika ni ndugu waliosimama kando ya katapila, wakisubiri kuona litamfukua nani.

Ila machozi yale hayakueleza kwa nini taka zilirundikwa pale tangu 1996, karibu kabisa na nyumba za watu. Hilo lilihitaji mwandishi wa kusaka nyaraka, na uchunguzi. Septemba mwaka huohuo, baada ya uchunguzi, mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya jiji alifutwa kazi.

Kinachonikera zaidi ni sura ya nani inayoanikwa. Mkubwa akigombana na mkewe, tunasoma "inadaiwa" na maelezo ya wakili wake. Maskini anaingiliwa na kamera hadi chumbani, hajapata hata kufunga leso. Tena wepesi huu una usalama wake: gazeti la udaku la Red Pepper liliuza siri za vyumbani miaka mingi, lakini lililolifungia milango Novemba 2017 ni habari ya siasa, iliyomhusu Rais na jirani yake wa Rwanda.

Turudi kwa yule mama. Sheria ya ardhi inataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla ardhi ya familia haijauzwa, na mauzo ya kibanja kwa kawaida hupitia kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), mwenye muhuri. Kamera ilimganda mama mpaka kwikwi ya kilio ikaisha. Mwenyekiti hakuulizwa neno.

Muuza chapati akaibandua iliyoungua, akamgeukia mteja wake: "Sasa ndugu yangu, aliyenunua ni nani?"