Majiranukta bila maelezo hayajataja mahali

"6.49, 39.17." Namba za namna hii, yaani majiranukta, zinazoonyesha mahali kwenye ramani, nazikuta kwenye matangazo ya zabuni, ripoti za miradi na jumbe za WhatsApp za watu wanaoelekezana kiwanja. Hakuna kusini wala mashariki, wala hujui kama hizo ni desimali au ni nyuzi na dakika. Naamini aliyeandika hivyo hajamwelekeza mtu popote, na taasisi ya umma haina ruhusa ya kuandika hivyo.

Tuchukue Dar es Salaam. Jiji liko nyuzi 6 dakika 49 kusini, nyuzi 39 dakika 17 mashariki. Uzi mmoja una dakika 60, na dakika ina sekunde 60. Ukitaka desimali, gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha: 6 + 49/60 ni 6.8167, na 39 + 17/60 ni 39.2833. Sasa mtu aone dakika 49 aandike 6.49, aone dakika 17 aandike 39.17. Hata akikumbuka kutaja kusini na mashariki, pini ya ramani kwenye simu itaangukia baharini, katika Mkondo wa Zanzibar, zaidi ya kilomita 35 kutoka mjini. Simu haitakuonya, kwa sababu kwake hapo napo ni mahali halali kabisa.

Kwenye desimali, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -6.8167. Ikidondoka wakati wa kunakili, Dar es Salaam inahamia Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Ukigeuza mpangilio, longitudo (ya mashariki na magharibi) ikatangulia latitudo (ya kusini na kaskazini), unatua Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Na kugeuza ni rahisi mno: Google Maps hutanguliza latitudo, faili za data za ramani za GeoJSON hutanguliza longitudo, na kila moja inafuata kanuni yake.

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, ndiyo maana wengi wetu huona kutaja kusini ni kujisumbua. Kenya na Uganda hawana nafasi hiyo. Ukisahau alama ya kutoa kwenye Kisumu, pini inasogea kaskazini kilomita 20 hivi, bado nchi kavu, bado Kenya magharibi. Kosa kama hilo halishtui mtu, na hapo ndipo hatari ilipo. Tena tusifupishe kwa herufi za Kiswahili: kusini na kaskazini zote ni K, mashariki na magharibi zote ni M. Neno liandikwe zima.

Sisemi kila mtu aache mfumo wake. Mabaharia wana haki ya kubaki na nyuzi na dakika zenye desimali, maana dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini na umbali wanausoma pembeni mwa chati. Ila kwa tangazo la umma nachagua desimali, tarakimu tano baada ya nukta. Ya tano ni kama mita moja; zaidi ya hapo ni mapambo, kwa kuwa simu yenyewe hukosea mita kadhaa hata mahali pa wazi.

Linaloniuma zaidi ni upimaji wa ardhi. Wapima ardhi hutumia mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda zenye namba, na Dar es Salaam iko kanda ya 37 kusini, mashariki kama 531,000 na kaskazini kama 9,246,000. Wengine huandika "37S" wakimaanisha kusini. Programu inayosoma herufi za mikanda ya latitudo huielewa S kuwa latitudo 32 hadi 40 kaskazini, yaani pande za Syria. Tena ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, wakati simu hutumia WGS84; hiyo ni misingi miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ukiingiza namba za UTM za ramani hizo kwenye simu bila kuzibadili, unahama karibu mita 300. Kwa shamba la ekari mbili, hapo uko kwa jirani wa jirani.

Mwananchi anayelipia upimaji apewe karatasi inayosema, pembeni ya namba za bikoni (alama za mipaka) zake: kanda (kwa Dar es Salaam ni ya 37), kusini mwa ikweta, Arc 1960, na chini yake nukta hizohizo kwa desimali za WGS84. Mpimaji anazo tayari kwenye kompyuta yake.