Kabla ya Kutafuta Dawa, Tafuta Jina la Mdudu

Wengi wetu tunapotafuta jambo mtandaoni huandika kama tunavyozungumza na jirani: "dawa nzuri ya nyanya zinazokauka majani". Injini ya utafutaji hujitahidi kukisia maana, lakini bado inategemea sana maneno yaliyomo katika kurasa ilizokwisha kuzipitia, na maneno "dawa nzuri" yamejaa zaidi kwenye matangazo ya wauzaji kuliko kwenye maandishi ya wataalamu. Kwa maoni yangu, utafutaji mzuri huanza kwa kuuliza: aliye na jibu angelitaja jambo hili kwa jina gani?

Chukua mkulima ambaye majani ya nyanya zake yana mabaka meupe, na akiliinua jani kwenye mwanga anamwona kiwavi ndani yake, katikati ya ngozi mbili za jani. Wakulima wa Tanzania humwita mdudu huyu kantangaze. Kwa jina la kisayansi ni Tuta absoluta, nondo mdogo wa asili ya Amerika Kusini aliyeingia Hispania mwaka 2006 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2014. Akiandika "kantangaze", atawafikia wakulima wenzake na maafisa ugani. Akiandika jina la kisayansi, atafunguliwa tafiti za nchi zilizopambana na mdudu huyo kabla yetu. Wanasayansi, ambao hawachoki kubadili majina, siku hizi humwita pia Phthorimaea absoluta, kwa hiyo inafaa kujaribu yote mawili.

Kiswahili kina ugumu wake hapa, kwa kuwa maneno yetu hubadilika mwanzoni. Anayeandika "kudhibiti" anaweza kuukosa ukurasa mzuri unaosema "udhibiti" au "anavyodhibitiwa". Ndiyo maana napendelea kutanguliza nomino isiyobadilika, kisha kujaribu kitenzi kwa sura mbili tatu. Alama za kunukuu huilazimisha injini kutafuta maneno yakiwa yamefuatana vilevile, na kuongeza site:go.tz hubakiza tovuti za serikali ya Tanzania peke yake. Mkenya ataandika site:go.ke.

Mambo haya si magumu, ila ni wachache waliofundishwa. Mafunzo mengi ya kompyuta niliyoyaona huhimiza kuandika barua na kupanga hesabu katika majedwali, ilhali kutafuta huachwa kana kwamba kila mtu huzaliwa akikujua.

Juu kabisa ya matokeo siku hizi huwekwa muhtasari uliotungwa na akili unde (AI). Sina ugomvi nao, mradi msomaji afungue kurasa ulikotolewa na kuangalia ziliandikwa lini na kwa ajili ya nchi gani, maana kipimo cha dawa kilichoandikiwa mabanda ya kuoteshea mimea ya Ulaya hakilingani na shamba la wazi la Iringa.

Jina la dawa ambayo mkulima amependekezewa dukani nalo litafutwe hivyohivyo, safari hii kwa site:tphpa.go.tz. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, ndiyo inayosajili viuatilifu, na dawa isiyosajiliwa haifai kutiwa kwenye bomba la kupulizia hata muuzaji aisifu vipi.