Andiko la Mradi Liandikwe kwa Lugha ya Mwaloni

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kayenze, Mwanza, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa akina mama wanaokausha dagaa. Waliniita niwasomee barua pepe iliyoingia kwenye simu ya katibu. Kiingereza, mistari minne: ombi lao la ruzuku halikufaulu. Sababu haikutajwa. Mama mwenyekiti akaniomba niwasomee na andiko lenyewe, lile waliloandikiwa na kijana mmoja wa mjini kwa shilingi laki mbili. Kurasa 18. Nikawa nasoma huku natafsiri, na nilipofika kwenye "kuimarisha ustahimilivu wa mnyororo wa thamani" akanishika mkono.

"Mwanangu, hayo ni ya kwetu kweli?"

Nilikosa jibu. Neno chanja, yaani kitanda cha kuanikia dagaa, halikuwamo hata mara moja, na chanja ndizo walizokuwa wanaombea fedha.

Aliyekulia ziwani anajua. Dagaa wakianikwa chini wanakauka na mchanga wao, na mnunuzi anashusha bei papo hapo. Mvua ikiwakuta wanaharibika, na wanaookolewa wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wakiwa juu ya chanja, nyavu imetandazwa kwenye miti usawa wa kiuno, upepo unawapitia juu na chini, na wingu likitanda unavuta turubai. Basi. Mradi wao wote ni huo.

Niliwaomba wanieleze wenyewe. Mweka hazina akafungua kaunta buku lililovimba kwa maji pembeni. Ndoo za dagaa walizonunua masika iliyopita, ndoo zilizoharibika, hisa za kila mwanachama, mikopo waliyokopeshana, faini ya kuchelewa kikao shilingi 500. Miaka sita yote imo. Kila ukurasa wa kikao una sahihi tatu, na asiyejua kuandika ameweka dole gumba kwa wino wa bluu. Kwa dakika kumi nilielewa hasara yao kuliko nilivyoielewa kwenye zile kurasa 18.

Daftari hilo hakuna aliyeliomba. Kilichoombwa ni hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, na mkaguzi anataka malipo ambayo yangetosha kujenga chanja ya kwanza.

Hili linaniuma sana. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Mtu anashtakiwa, anajitetea na kuhukumiwa kwa Kiswahili. Katiba ya kikundi hiki ni ya Kiswahili, mihtasari ya vikao ni ya Kiswahili, na afisa maendeleo ya jamii wa kata aliwapokea kwa Kiswahili. Ila kuomba miti, nyavu na turubai, lazima watafute mtu wa kuwasemea kwa lugha wasiyoijua, awalipishe, kisha aandike mambo yasiyo yao. Wakikataliwa hawajui wamekosea wapi. Wakikubaliwa wanafungwa na ahadi ambazo hawajawahi kuzisoma!

Na muda wenyewe! Tangazo la ruzuku lilitoa siku 14, zikaangukia giza, yaani siku ambazo usiku hauna mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inatoka kila usiku na taa zake, alfajiri dagaa wanashuka, na mama akiondoka mwaloni siku hiyo amekosa mboga na ada. Kikao hukaa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala. Mfadhili angemuuliza mtu mmoja tu wa mwalo huu, angeambiwa.

Najua wafadhili wameibiwa. Vikundi vya mfukoni vipo, nimeviona, vinaundwa wiki ya tangazo na kufa wiki ya malipo. Hilo nakubali. Lakini ni nani anayepata shida kuleta kurasa 18 za Kiingereza kilichonyooka, tapeli au mama wa dagaa? Kikundi cha uongo hakifichiki mwaloni. Njoo asubuhi moja, muulize mtendaji, muulize jirani anayeanika pembeni, fungua daftari, utakuwa umemaliza.

Mtu ataniambia wakaombe ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Waombe, haina riba, nimewashauri hivyo. Ila ni mkopo, na marejesho hayajali mvua. Ruzuku zipo pia. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza 1992 kwa ajili ya asasi ndogo na vikundi vya jamii, na Tanzania imo tangu 1997. Lakini tangu Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025 foleni imerefuka kila mahali, na mwenye Kiingereza kizuri ndiye anayesogea mbele.

Ombi langu kwa mfadhili yeyote ni hili: pokea kurasa tatu za Kiswahili, na ulikubali daftari la kikundi kuwa hesabu. Ukihitaji tafsiri, ilipie wewe.

Jioni ile tulikaa chini, mama mwenyekiti akisema na mimi nikiandika. Wenzake walikuwa wakimkatiza kumrekebisha idadi ya ndoo. Zilitoka kurasa mbili na nusu. Sentensi ya kwanza ni yake: "Sisi ni wanawake 23, tunaanika dagaa wetu chini, na tunataka kuwapandisha juu kabla ya masika." Jumatatu naituma ilivyo.