Mradi Ukifanyiwa Nyumbani, Alama Ni za Nani?

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, unaotaka mtoto aweze kutenda anachofundishwa, uanze rasmi katika shule za Kenya Januari 2019, hakuna kilichowagombanisha wazazi na walimu kama miradi. Mtoto anarudi jioni na agizo la kutengeneza sanamu ya kutishia ndege. Mama anasaka matambara, baba anagongomea vijiti, na asubuhi mtoto anabeba kwenda shuleni kitu ambacho hakukigusa. Mwaka 2021 malalamiko dhidi ya mtaala huu yalifika hadi Mahakama Kuu. Wanaoutetea wanasema ni heri mtoto achafue mikono kuliko kujaza daftari majibu aliyoyanakili ubaoni.

Mimi niko upande wa kuchafua mikono. Ila naamini wazazi wana haki ya kulalamika, kwa kuwa kinachoitwa kujifunza kwa vitendo mara nyingi hakifanyiki shuleni kabisa.

Kikifanyika inavyopasa, faida yake huonekana waziwazi. Chukua somo la kuchuja maji. Chupa ya plastiki inakatwa kitako na kupinduliwa. Pamba inatiwa mdomoni, kisha makaa yaliyopondwa, mchanga, na changarawe juu. Kundi moja linamimina maji ya tope, na yanayodondoka ni meusi kuliko yaliyomiminwa! Watoto wanatazamana wakidhani wameharibu. Mwalimu anayejua kazi yake hawasahihishi papo hapo. Anawauliza weusi huo umetoka wapi. Mmoja anasugua kidole kwenye makaa, anawaonyesha wenzake, na wanakumbuka kwamba hawakuyaosha. Wanamimina tena na tena mpaka maji yanaanza kutakata. Jibu hilo wamelivumbua wenyewe, na litakaa nao.

Lakini kujifunza kwa kutenda kuna kikomo, na somo hilohilo linakionyesha. Maji yakishatakata yanatamanisha kunywa, na hakuna mtoto atakayegundua kwa macho kwamba viini vya kipindupindu vinaweza kuwa bado vimo. Hapo mwalimu lazima asimame na kueleza: maji masafi kwa macho bado yanahitaji kuchemshwa. Mwaka 2006 watafiti Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa hoja iliyozua mjadala mkali, kwamba mwanafunzi aliye mgeni katika somo akiachwa agundue mambo bila mwongozo wa kutosha, akili yake hulemewa, na huambulia kidogo kuliko aliyefundishwa moja kwa moja. Nadhani walisema kweli. Wanaoitumia hoja hiyo kutaka turudi kwenye chaki na kukariri ndio wanaoivuta kupita kiasi, maana kinachopingwa pale ni kumtelekeza mtoto. Kumpa kitu cha kushika huku mwalimu akimwongoza ni jambo jingine.

Na mwalimu mwenyewe je? Kipindi katika gredi za 4 hadi 6 ni dakika 35. Katika shule nyingi za umma darasa la watoto 60 ni jambo la kawaida. Hayo ni makundi kumi ya watoto sita, chupa kumi, mchanga, maji sakafuni, na kengele inalia kabla nusu ya makundi hayajamaliza. Kisha anatakiwa ampime kila mtoto na kuweka rekodi zake. Anapoamua kuutuma mradi nyumbani, simwiti mvivu. Muda umemshinda.

Tumewahi kupita njia hii. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulipoanza mwaka 1985 ulisifiwa kwa maneno haya haya: ufundi, kilimo, sayansi kimu, mtoto ajitegemee. Wazazi waliombwa wachange wajenge karakana. Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa wa kuchagua A, B, C au D, na mtoto aliweza kulipata swali la mshono bila kushika sindano. Walimu wakafundisha kilichotahiniwa, na masomo kadhaa ya ufundi yakaja kuondolewa.

Safari hii hatari iko upande wa pili. Katika matokeo ya KJSEA, mtihani wa gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, tathmini za shuleni zinachangia asilimia 20. Si alama ndogo hizo kwa mtoto anayetafuta nafasi katika sekondari ya juu. Mwenye printa ya rangi nyumbani na mzazi mwenye jioni huru atang'ara. Mwingine ambaye mama yake anafua nguo za watu hadi usiku, na kila ukurasa wa kuchapisha saiba, kwenye duka la intaneti, unagharimu pesa ya unga, atahesabiwa hana umilisi. Hapo tunapima mfuko wa mzazi.

Kwa hiyo miradi ipungue, tena ifanyiwe shuleni. Mmoja kwa muhula unatosha ukiunganisha masomo: sukuma wiki katika gunia nyuma ya darasa ni kilimo, kupima urefu wa miche kila Ijumaa na kuchora grafu ni hisabati, na ripoti yake ni insha ya Kiswahili. Alama zitolewe kwa daftari la kundi linaloandikwa darasani, lenye walichojaribu, kilichoharibika na walichobadilisha. Kisha mwalimu amwite mtoto yeyote wa kundi, bila kumwarifu mapema, aeleze kwa nini miche ya safu ya kwanza ilioza. Aliyebebwa na wenzake atajulikana hapo, na aliyefanya kazi kimyakimya naye atajulikana.

Vifaa vya bure vipo, lakini si vyote. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na ndani yake mna matumizi chungu nzima ya shule. Wizara itenge fungu la vifaa vya miradi, dogo lakini lisiloguswa, na mwongozo wa tathmini useme wazi kwamba kazi iliyofanyiwa nyumbani haina alama. Ugomvi mwingi wa wazazi utapoa. Utabaki wa darasa la watoto 60, na huo hautatulizwa na mwongozo wowote mpaka walimu zaidi waajiriwe.