Tangu Lini Kula Maharage Kunahitaji Tiketi?

Jumatatu usiku nilikuwa nimeshalala, simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi letu la meza ya wasiokula nyama. Ndugu yetu mmoja (anajijua, na atasoma hapa) katuma bango. Lina rangi ya kijani, lina parachichi lililopasuliwa katikati, na maneno makubwa kuhusu "maisha mbadala". Mlo wetu wa Jumapili ya kwanza sasa eti uwe kwenye mgahawa mmoja wa Masaki, huko kwa wenye nazo wa Dar es Salaam, wa aina ile ya menyu isiyoandikwa bei. Kiingilio 45,000. Ukilipa unapata sahani moja, juisi ya kijani, fulana, na mzungumzaji mgeni.

Mzungumzaji mgeni! Jamani, si tunakwenda kula?

Mnaonisoma siku zote mnaijua meza yetu ya Kisutu. Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, kwa yule mama wa Kigujarati. Saa hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Tulianza na Jumamosi, Wasabato wakatukumbusha kwamba wao siku hiyo hawanunui kitu mpaka jua lizame. Tukasogea Jumapili asubuhi, watu wa misa wakanuna. Saa tisa alasiri ndiyo saa pekee tuliyoikuta haina mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani tunaihamishia magharibi, na hapo wenzetu wanaofunga ndio wanakuwa wenyeji wetu, maana futari ya pwani ukiitazama vizuri, ukiondoa ile sambusa, imepikwa kwa ajili yetu: magimbi ya nazi, mihogo, viazi vitamu, mbaazi, tambi, uji, tende. Nimewahi kushiba futari hadi nikashindwa kupanda mwendokasi.

Na meza yenyewe ina watu wa ajabu ajabu, nawapenda wote. Wasabato wawili watatu. Marasta ambao hata chumvi ya dukani wanaikwepa. Bwana mmoja wa Upanga, Mjaini, yaani mfuasi wa dini moja ya India, ambaye hali kitunguu maji, hali kitunguu saumu, hali kiazi, kwa kuwa hagusi kitu kinachong'olewa na mzizi wake. Sisi tukijiona washupavu, yeye anatutazama tu na kutabasamu. Kuna mume na mke ambao nyumbani kwao nyama wanakula kama kawaida, ila waliamua hawatazaa. Wanakuja kwetu kwa sababu ndiyo meza pekee mjini ambapo hakuna shangazi wa kuwauliza "mbona kimya?" Kuna kaka aliyeacha pombe akagundua kwamba marafiki zake wote walikuwa wa baa. Hatukupanga iwe hivyo. Nilitangaza meza ya wasiokula nyama, wakaja na wengine waliochoka kujieleza kwa sababu nyingine, na sikuona sababu ya kumuuliza mtu kadi.

Sasa huyu wa bango anasema tunahitaji "kujipandisha hadhi".

Nianze na alichosema kweli, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Choo cha Kisutu kinahitaji maombi. Feni ni moja na inazunguka inapotaka. Jumapili mjini kunakuwa kimya, na dada mmoja aliporwa simu akielekea kituoni. Tangu siku hiyo tunatoka kwa kundi, lakini siwezi kusema halikutokea. Na ndiyo, mwandaaji anamaliza vocha zake. Haya. Nimekiri, tuendelee.

Meza hii mnaiona rahisi kwa sababu hamkuwepo mwanzo. Mwaka 2019 nilipiga simu mgahawa mmoja wa Sinza, nikamweleza meneja: tuko kumi, hatuli nyama. "Hamna shida dada." Tukafika. Ikaja pilau ya mboga, inanukia vizuri, yaani inanukia vizuri mno. Nikamuuliza mhudumu imepikwa na nini. "Nyama tumeshaitoa," akasema, kwa fahari ya mtu aliyejituma. Mchicha ulikuwa na dagaa, na dagaa, tukaelimishwa, si nyama. Kisha akaleta kuku kama zawadi ya nyumba. Tulicheka mpaka machozi, tukalipa, tukala ndizi za barabarani. Kuanzia hapo ninaposaka mahali siulizi kama wana chakula kisicho na nyama. Nauliza wali umepikiwa maji au supu, chapati zinapakwa mafuta gani, na mwiko wa mchuzi unatoka sufuria ipi. Meneja akikasirika kwa maswali hayo, nashukuru, nakata simu.

Mama wa Kisutu hakukasirika. Aliniuliza samli je, maziwa je, mtindi je, akaandika kwenye daftari. Chapati zetu anazitenga kavu. Sahani ni 7,000, na dali, ule mchuzi wa choroko, anaongeza mpaka useme basi. Kila mtu analipa yake, hakuna hesabu za "tugawane sawa" ambazo mwenye maji tu anamlipia mwenye juisi tatu.

Na hatukai chumba cha ndani. Alishatupa, tukakataa. Ukiwafungia watu chumbani wanaanza kuonekana wanachama wa kitu, mara unasikia mtaani kuna dini mpya. Tunakaa katikati, meza ya kawaida, kelele za kawaida. Bango hakuna, fulana hakuna. Mgeni akija anamuuliza mhudumu "meza ya Jumapili iko wapi", anaonyeshwa. Picha za sura za watu hatupigi. Baba wa mmoja wetu ni mchinjaji Vingunguti, na mambo yao wanayamaliza polepole wenyewe, hawahitaji msaada wa mtandao.

Kuna kijana wa Gongo la Mboto, fundi simu. Alipoacha nyama mama yake alilia. Si kwa afya yake, alilia kwa sababu alifikiri mtoto amelogwa, akaita mchungaji. Wengi wetu tunaijua hiyo. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemkataa yeye mwenyewe. Msibani unapokea sahani ya ubwabwa, unaanza kuchambua vipande pembeni, na macho yote yako kwako kama wewe ndiye uliyemuua marehemu. Harusini mama mkwe anakuuliza mara tatu kama unaumwa. Mimi tangu 2017 nimeshasema "sijambo, situmii tu" mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu.

Siku ya kwanza kijana yule alikaa karibu na mlango na chupa ya maji, saa nzima, kama mtu anayesubiri basi. Hakuna aliyemuuliza ameanza lini, wala kwa nini, wala protini anapata wapi. Tulikuwa tunabishana kuhusu Simba na Yanga. Baadaye akainua mkono, akaagiza. Akaomba dali mara ya pili. Mama wa Kisutu akampa ya tatu bila kuombwa. Miezi minane sasa hajakosa.

Jumatatu ile ile, saa nne usiku, baada ya bango, aliniandikia pembeni: "Shikamoo dada. Naona safari hii sitaweza. Mambo yakikaa sawa nitakuja."

Elfu arobaini na tano. Na nauli ya kutoka Gongo la Mboto mpaka Masaki, na bodaboda ya kumalizia, na fulana ambayo mama yake akiiona kwenye kamba atamwita mchungaji mara ya pili.

Ndiyo maana nimekasirika, na sitaki kuambiwa nipumue. Kila siku tunaambiwa haya ni mambo ya wazungu na ya wenye nazo. Neno "vegan", yaani mtu asiyetumia kitu chochote kitokacho kwa mnyama, ni lao kweli, lilianzia Uingereza mwaka 1944, kwa Donald Watson na wenzake, wabaki nalo. Lakini kisamvu cha nazi cha bibi yangu Pangani kilipitia kwa Watson lini? Mbaazi na maandazi ya asubuhi je? Waorthodoksi wa Ethiopia Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na Kwaresma yao ni siku 55. Nendeni mgahawa wowote wa Kihabeshi, mwombe sahani ya mfungo, mtaletewa injera imezungukwa na dengu, kabichi na mchicha, na hakuna atakayewauliza mna hadhi gani. Chakula chetu ndicho cha bei rahisi kuliko vyote sokoni. Mtu mwenye 2,000 Buguruni anakula wali maharage na matembele anashiba, na hajui kama amekula "mbadala". Halafu sisi tuchukue maharage yale yale, tuyapandishe Masaki, tuyawekee jani juu, tuyauze na hotuba! Tukishamaliza tutashangaa kwa nini waliobaki mezani wote wana magari.

Wanaotaka mkutano wafanye mkutano, siwazuii. Nitawanunulia hata tiketi moja nikipata, nije nimsikilize huyo mzungumzaji akinieleza faida za mchicha. Ila msiuite ule mlo wetu, na msiuweke Jumapili ya kwanza. Ndugu yangu wa bango, hiyo tarehe uliyoandika ina watu.

Jana nilimpigia mama wa Kisutu kumpa hesabu, maana anapenda kujua mapema ili aloweke choroko. Nikamwambia kumi na nne. Akauliza kama yule kijana wa dali yumo kwenye hao kumi na nne. Nikamwambia sijajua bado. Akasema basi ataandika kumi na tano.