Karthala kwenye skrini: intaneti inakijua kisiwa cha Ngazija kwa kiasi gani?

Tarehe 11 Novemba 2018, vipimo vya matetemeko katika sehemu nyingi za dunia vilinasa mtikisiko wa ajabu. Haukuwa na mshtuko wa ghafla kama tetemeko la kawaida. Ulikuwa mvumo wa polepole, wimbi moja kila sekunde 17 hivi, ukaendelea kwa zaidi ya dakika 20 na hakuna binadamu aliyeuhisi. Hata kompyuta zilizotegwa kunasa matetemeko hazikuushtukia. Aliyeushtukia ni mtu mmoja mpenzi wa mambo haya, aliyekuwa akitazama michoro ya kituo cha Kilimambogo, Kenya, ambayo Idara ya Jiolojia ya Marekani huiacha wazi mtandaoni kwa yeyote. Akauliza Twitter: hiki ni kitu gani? Wanasayansi wakajitosa, chanzo kikatafutwa hadi kikaonekana kiko baharini, mashariki ya kisiwa cha Maore (Mayotte). Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne ikapima sakafu ya bahari kilomita 50 hivi kutoka kisiwani na kukuta mlima wa volkano wa mita 800 na ushei ambao ramani za awali hazikuwa nao. Sasa unajulikana kama Fani Maore.

Wanaosema kwamba siku hizi unaweza kukijua kisiwa cha volkano ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yako hawana ushahidi mzuri kuliko huu. Nami siwapuuzi. Kwa upande wa miamba na milipuko, kwa kiasi kikubwa wana haki.

Chukua Ngazija, jirani mkubwa wa Maore katika visiwa vya Komoro. Kisiwa hicho kimebeba Karthala, volkano hai yenye kimo cha mita 2,361. Kanzidata ya Global Volcanism Program ya Taasisi ya Smithsonian, ambayo haina ada wala nenosiri, inakupa historia yake kwa dakika chache: gesi iliyoua watu 17 mwaka 1903, lava iliyovamia kijiji cha Singani mwaka 1977, mlipuko wa mvuke wa 1991, kisha milipuko minne iliyofuatana kati ya Aprili 2005 na Januari 2007. Ukitaka kuona kwa macho, picha za setilaiti za Landsat za Marekani zinarudi nyuma hadi 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku tano na kuonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kuweka picha mbili sambamba na kuona mikondo ya lava ilivyoshuka mlimani kama wino. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mwenye idhini, bajeti na rafiki maktabani Paris.

Lakini ukikaa na picha hizo muda wa kutosha, mambo huanza kukwama. Kwanza mawingu. Karthala ni mlima mrefu katikati ya bahari yenye joto, na misitu yake inaishi kwa ukungu. Picha nzuri ya kilele utaisubiri kwelikweli. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, hilo ni kweli, ila mimea minene ya miteremko huvuruga vipimo vyake. Ramani za NASA zinazoonyesha sehemu zenye joto nazo zina mtego wake. Nukta nyekundu kwenye mteremko wa volkano humtia mtu jambajamba, kumbe mara nyingi ni mkulima anachoma shamba. Nukta moja ya MODIS, kihisi kilichomo kwenye setilaiti za NASA, inawakilisha eneo la kilomita moja kwa kilomita moja. Haiwezi kukuambia kama ni moto wa ardhini au wa kiberiti.

Halafu kuna tatizo la tarehe, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopotosha wengi kimyakimya. Tafuta picha za kreta ya Chahale, iliyo ndani ya kaldera ya Karthala, yaani shimo kubwa lililobonyea kileleni. Utapata ziwa la maji. Ziwa hilo lilikuwepo baada ya mlipuko wa 1991, lakini mlipuko wa Aprili 2005 ulilifuta, na mahali pake pakawa na ziwa la lava inayochemka. Tangu hapo sura ya kreta imebadilika zaidi ya mara moja. Picha ya zamani hata hivyo bado inazunguka kutoka tovuti hadi tovuti bila mwaka wala maelezo, na anayeiona leo anadhani ndivyo palivyo. Volkano si jengo la makumbusho. Maelezo yasiyo na tarehe juu ya kilele hai ni bora yasingekuwepo.

Jina unaloandika kwenye kisanduku cha kutafutia nalo lina uzito. Andika Ngazija, upate kidogo. Andika Grande Comore, jina lake la Kifaransa, milango ifunguke, kwa kuwa sehemu kubwa ya tafiti imeandikwa Kifaransa. Anayesoma Kiswahili tu atabaki na habari za juujuu, na hilo si kosa lake.

Hadi hapo bado nazungumzia miamba, na kasoro zote hizo zinarekebishika kwa umakini. Upande wa mazingira ndiko ninakoachana na wenzangu wanaoitegemea skrini. Tazama misitu. Tathmini ya misitu duniani ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2010 iliipa Komoro yote takriban hekta 3,000 za msitu, na kasi ya upotevu ya asilimia 9.3 kwa mwaka, kasi ya kutisha iliyonukuliwa kila mahali. Tathmini ya 2015, ya shirika hilohilo, ikaipa nchi hiyohiyo takriban hekta 37,000. Je, msitu uliota mara kumi na mbili ndani ya miaka mitano? Hapana. Kilichobadilika ni hesabu na takwimu zilizotumika, wala si miti. Leo takwimu zote mbili zipo mtandaoni, kila moja na nembo ya shirika lenye heshima, na mwandishi huchagua ile inayofaa kichwa chake cha habari.

Setilaiti haiamui ugomvi huo kirahisi. Wakulima wengi wa Komoro hawafyeki msitu wote. Hukata miti midogo na vichaka, wakaacha miti mikubwa isimame, kisha wakapanda migomba na majimbi chini ya kivuli chake. Kutoka angani, vilele vya miti bado vinagusana na ramani inasema msitu upo. Ukiingia chini, ni shamba. Miche ya miti ya asili haipo tena, kwa hiyo hiyo mikubwa ikizeeka hakuna wa kuirithi. Kipimo kinachohesabu vilele hakina namna ya kukuambia hayo. Mtu aliyetembea humo asubuhi moja anayajua.

Kanzidata za viumbe zina upofu wa aina hiyo. Bundi wa Karthala, anayeishi kwenye miteremko ya mlima huo tu na kwingine hakuna, ana nukta chache kwenye ramani. Nukta hizo huwa zinafuata njia walizopita watafiti. Pengo kwenye ramani humaanisha hakuna aliyekwenda, na wengi wetu husoma kwamba bundi hayupo.

Maji ndiyo yanayonigusa zaidi. Ngazija haina mto wa kudumu. Basalti yake changa, yaani mwamba wa lava iliyoganda, ina matundu na nyufa, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na karibu na pwani maji ya bahari hupenya kwenye visima yakavitia chumvi. Vijiji vya juu hutegemea matangi ya mvua. Novemba 2005 Karthala ilipotema majivu, majivu hayo yaliingia kwenye matangi, na watu kwa makumi ya maelfu wakakosa maji safi. Lava ile ya mlipuko ilikuwa na picha nzuri za angani. Tangi halionekani kutoka angani, wala uchafu uliomo. Anayetaka kujua madhara makubwa ya mlipuko ule akitegemea picha ataandika juu ya kreta na kukosa kiini chenyewe.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kuongeza data mtandaoni, siyo kuidharau intaneti. Wana hoja, na Maore inawaunga mkono. Baada ya matetemeko yaliyoanza Mei 2018, taasisi za Ufaransa ziliunda mtandao wa ufuatiliaji, REVOSIMA, unaotoa taarifa za mara kwa mara ambazo yeyote anaweza kuzipakua: idadi ya matetemeko, mwendo wa kisiwa, hali ya sakafu ya bahari. Si mchezo. Hata hivyo, kabla taarifa hizo hazijapangika, wakazi walikuwa wameshaanzisha kikundi chao cha Facebook kujulishana kila ardhi inapotikisika, kwa sababu waliona hawaambiwi vya kutosha. Kikundi kikavuta maelfu. Humo palikuwa na uvumi, ndiyo. Palikuwa pia na watu waliojifunza kusoma michoro ya matetemeko kwa nguvu zao wenyewe.

Ngazija haijapata wingi huo wa data. Kipo kituo cha uangalizi wa Karthala chini ya CNDRS, taasisi ya taifa ya nyaraka na utafiti iliyoko Moroni, na wataalamu wake wanaujua mlima huo kuliko sisi wote tunaopakua picha. Lakini Maore inatawaliwa na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili, ingawa Komoro inakidai kisiwa hicho na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limeiunga mkono kwa maazimio. Bajeti hufuata bendera. Haki lakini isemwe: Fani Maore ilikuwa ikilipuka wakati Karthala imetulia tangu 2007, na ni kawaida fedha kukimbilia panapowaka. Tofauti ni kwamba juu ya Karthala watu wanaishi, na juu ya Fani Maore kuna kilomita za maji.

Kwa hiyo msimamo wangu haulingani pande zote mbili. Kwa historia ya milipuko, aina ya miamba na mabadiliko ya kilele, anza mtandaoni bila aibu, mradi uandike tarehe ya kila picha. Kwa misitu, usinukuu asilimia yoyote kabla hujasoma imehesabiwaje. Ukikosa maelezo hayo, iache. Na kwa maji, kiasi cha chumvi kwenye kisima cha kijiji fulani cha pwani au hali ya tangi fulani baada ya majivu, usipoteze usiku mzima ukitafuta. Mwalimu wa shule ya hapo au fundi wa pampu atakujibu kwa simu moja, na jibu lake litakuwa la wiki hii.