Unene wa watoto Nairobi: tusimbebeshe mama peke yake

Mazungumzo ya watoto wanene yakianza, kidole huelekezwa kwa mama: kamzoesha chipsi, kamwachia simu. Nikiyatazama ya Nairobi kutoka huku Uingereza, naiona lawama hiyo nyepesi mno. Watoto wanene huku ni tele, na sisemi wenyeji wanatushinda kwa malezi. Wanatushinda kwa kupima, na kwa kumbana mwenye kiwanda.

England hupima uzani na urefu wa watoto shuleni mara mbili: wakiwa na miaka 4 hadi 5, kisha 10 hadi 11. Kwetu kijitabu cha kliniki hujazwa hadi mtoto atimize miaka 5, halafu kinalala kabatini. Baada ya hapo kipimo ni jicho la shangazi: "Huyu ana afya!" Kupima si kazi. Gawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu uleule; jibu ndilo huitwa BMI. Mtoto aliyetoka kutimiza miaka 10 mwenye kilo 45 na sentimita 140 anapata karibu 23. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa hutazama jedwali la watu wazima, ambako 23 haina neno. Kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani la miaka 5 hadi 19, huyo, awe mvulana au msichana, ameshaingia unene wa kupindukia.

Kisha kuna soda. Chupa ya nusu lita hubeba takriban gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Uingereza ilitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari mwaka 2016, ikaanza kuitoza Aprili 2018: peni 18 kwa lita kuanzia gramu 5 katika kila mililita 100, peni 24 kuanzia gramu 8. Ujanja ulikuwa kwenye ile miaka 2 ya kungoja. Viwanda vingi vilishusha sukari chini ya gramu 5 ili kuikwepa kodi, wala hakuna mzazi aliyehubiriwa. Kwetu Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilitia maji ya chupa na soda kapu moja, shilingi 5 kwa lita. Sasa mwenye kiwanda apunguze sukari ili iweje?

Lakini pa kuchezea, hapo Nairobi tunajimaliza wenyewe. Mtoto anahitaji dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Huyu wetu anapanda basi la shule alfajiri, kipindi cha michezo kinamezwa na hesabu, jioni anashukia kwenye ghorofa ambayo chini yake ni magari matupu na kibao cha "Mpira marufuku". Soja ameagizwa awafukuze. (Vibao hivyo huku pia vipo, tusidanganyane.) Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata walirushiwa vitoa machozi na polisi kwa kutetea uwanja wao ulionyakuliwa, nao mama zao ndio tuwaulize kuhusu mazoezi?

Kamati ya mtaa inaweza kutenga sehemu ya maegesho, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ichague kona iliyo mbali na geti, maana ikiwa karibu, kila gari linalorudi litakatiza mchezo na mpango utakufa wiki ya kwanza. Landilodi akilia vioo, michezo ya kitoto kama kati na bladaa haivunji dirisha, wala mpira wa matambara.

Shuleni, kamati ya wazazi iombe ratiba na kuuliza nani anachukua kipindi cha michezo. Pia kuna zoezi lililoanzia shule moja ya Stirling, Scotland, mwaka 2012: dakika 15 kila siku, darasa zima linatoka likiwa na sare zake, kila mtoto akikimbia au kutembea kwa mwendo wake. Halitaki vifaa. Linaharibika pale mwalimu anapoanza kutangaza nani wa kwanza, kwa sababu yule mnene atakuwa wa mwisho kila siku, na wiki ya pili ataanza kuumwa na tumbo kila muda huo ukifika.